Seyyid Barghash na Kalamu za Watu

Mwananchi wa Kibaha au wa Kisarawe anayevuka bahari kwenda Unguja hakosi kuonyeshwa Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka mwaka 2020. Akiuliza ni nani aliyelijenga, ataambiwa ni Seyyid Barghash bin Said. Jibu hilo ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu nusu iliyobaki, kwa maana inawahusu wafanyakazi na wakulima wa Pwani kuliko hata jumba lenyewe.

Barghash alizaliwa yapata mwaka 1837, mwana wa Seyyid Said bin Sultan kwa mama wa Kihabeshi. Baba yake alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856, na ufalme wa Unguja ukashikwa na nduguye Majid. Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 alifanya njama ya kumpindua Majid, akisaidiwa na wakuu wa Kiharithi. Barua za siri za njama hiyo ziliandikwa na dada yake Salme, binti wa miaka 15, aliyejifundisha kuandika kwa siri kwa sababu mabinti wa jumba la kifalme hawakufundishwa kalamu. Njama ilivunjwa kwa msaada wa mabaharia wa Kiingereza, naye Barghash akahamishiwa Bombay kwa muda wa miaka miwili. Basi mtu huyu alijua, kabla ya kuwa mfalme, jinsi karatasi na wino vinavyoweza kutikisa kiti cha enzi.

Majid alipofariki mwezi wa Oktoba 1870, Barghash alitawala. Hatupendi kumnyima haki yake. Tufani ya mwaka 1872 iliangamiza mikarafuu ya Unguja na merikebu zake, naye akaanza upya. Alileta maji safi mjini kutoka chemchemi za kaskazini, akanunua meli za moshi, akajenga majumba. Tarehe 5 Juni 1873, kwa kutishwa na Waingereza kwamba bandari yake itazingirwa, alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Mwaka 1875 alizuru London, na mwaka uliofuata akapiga marufuku misafara ya watumwa barani.

Katika mambo hayo mapya aliyoleta, mmoja watuhusu sisi waandishi: mtambo wa kupiga chapa. Yapata mwaka 1880 Unguja ikaanza kuchapa vitabu kwa Kiarabu. Kitabu kikubwa kilichotoka hapo ni Qamus al-Sharia, cha sheria za madhehebu ya Kiibadhi, yaliyokuwa madhehebu ya mfalme na jamaa zake. Lilikuwa jambo la heshima kwa elimu. Lakini mtambo ulikuwa mali ya mfalme, na kilichochapwa ni kile alichokipenda mfalme. Raia wake wengi walikuwa Waislamu wa madhehebu ya Kishafii, na mtambo ule haukuwa mdomo wao.

Waliotaka kusema lingine waliionja gereza. Sheikh Ali bin Khamis al-Barwani, mwanachuoni aliyezaliwa katika Uibadhi, alitiwa kifungoni kwa kuhamia madhehebu ya Kisunni. Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui wa Mombasa naye alifungwa kwa kufundisha na kuhojiana waziwazi juu ya madhehebu ya watawala. Ukoo wa Sheikh huyo ulikuwa umetawala Mombasa hata mwaka 1837, ulipoangushwa na baba yake Barghash. Kwa hiyo hoja ya msikitini ilisikika jumbani kama hoja ya kudai kiti. Ndivyo ilivyo desturi ya mtawala asiyeulizwa: kila swali kwake ni fitina.

Sasa tutazame bara. Wakati ule watu wa Uzaramo, katika nchi ambayo ndani yake leo kuna Kisarawe na Kibaha, walikuwa wakichimba sandarusi na kuipeleka pwani, ambako forodha ilikuwa ya Sultani. Ushuru ulikwenda Unguja. Sauti yao haikwenda. Mwezi wa Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba la Barghash, zikimtaka akubali kunyang'anywa nchi za bara. Wakaja wajumbe wa Uingereza, Ujerumani na Ufaransa kukagua mipaka ya milki yake, naye mwenyewe hakupewa kiti cha mjumbe. Mwaka 1886 London na Berlin zilipatana kumwachia ukanda wa pwani wa maili kumi tu. Kisarawe na Kibaha zi nje ya maili hizo, na katika mapatano yale hakuna mtu wa Uzaramo aliyeketi mezani.

Hatusemi kwamba gazeti lingezuia mizinga. Twasema kwamba mfalme aliyezoea kuamua peke yake alijikuta peke yake siku ya msiba. Hakuwa na baraza lililochaguliwa na raia, wala gazeti la kuwaeleza watu wa bara yanayotendwa juu ya ardhi yao. Aliwafanyia raia wake kwa udogo yale aliyofanyiwa na wakubwa wa Ulaya: kuamuliwa bila kuulizwa.

Barghash alifariki mwezi wa Machi 1888. Dada yake Salme, aliyekwisha olewa na Mjerumani, hakusamehewa naye hata mwisho. Lakini kumbukumbu zake juu ya maisha ya jumbani zilikuwa zimekwisha kuchapwa Berlin mwaka 1886, mahali ambapo mkono wa mfalme haukufika. Mwaka uleule wa 1888 wanafunzi wa Kiungani, Unguja, walianza kutoa gazeti la Kiswahili, Msimulizi.

Naye Sheikh Ali al-Mazrui alifunguliwa na Seyyid Khalifa, mrithi wa Barghash, akarudi kwao Mombasa. Mwaka 1891 alizaa mtoto, al-Amin. Mtoto huyo alipokuwa Sheikh alianzisha Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, magazeti ya kuwaamsha Waislamu wa pwani. Mfalme alimfunga baba. Mwana akatoa magazeti.

Wanachama wenzetu, ni rahisi kumhukumu mfalme aliyekwisha kufa. Lililo gumu ni kujipima wenyewe. Mtambo wa Barghash ulikuwa wa mwenye nchi, na gazeti la chama nalo lina mwenyewe. Basi mfanyakazi wa kiwanda Kibaha akileta barua ya kulalamika, au mkulima wa korosho Kisarawe akiandika kwamba kiongozi wake amekosea, barua hiyo isitupwe kapuni. Tukiitupa, tutakuwa tumejenga jumba zuri na kuwafungia wenye nchi nje.