Karl Benz, na jamaa iliyosukuma motokari yake

Jina Benz, hapa Bukavu kila mutu analijua. Lakini wengi wanafikiri ni jina ya kampuni tu. Hapana, Benz alikuwa mutu. Aliishi miaka 84, akaoa muke mumoja, akazaa watoto watano. Alitoka bila furaha mu kazi ya kampuni aliyoianzisha mwenyewe, akaanza tena pamoja na vijana wake, wakati wenzake wa umri ule walikuwa wanatafuta kupumzika. Alikufa tarehe 4 mwezi wa ine 1929, nyumbani kwake Ladenburg, kule Ujerumani. Wakati ile Wabelgiji walikuwa wanaita muji wetu Costermansville.

Karl Benz alizaliwa tarehe 25 mwezi wa kumi na moya 1844 ku Mühlburg, pembeni ya muji wa Karlsruhe. Baba yake alikuwa anaendesha treni, na alikufa mu 1846, mutoto akiwa bado mudogo sana. Mama yake, Josephine, akabaki mujane, feza hakuna. Lakini ule mama hakukubali mutoto akose masomo. Alijinyima mupaka kijana akaingia ku shule kubwa ya ufundi ya Karlsruhe akiwa na miaka 15. Mu 1864, akiwa na miaka 19, alimaliza masomo ya enjinia.

Kisha masomo alizunguka ku kazi za watu: pahali wanatengeneza mashini, pahali wanajenga madaraja. Mu 1871 akafungua atelie yake mu Mannheim pamoja na mushirika mumoja, August Ritter. Ule ushirika ulikuwa mubaya. Ritter hakuwa mutu wa kutegemea, na kazi ikakaribia kuanguka.

Hapa njo anaingia Bertha Ringer, muchumba wake. Kwetu Bushi, kijana njo anapeleka ngombe kwa wazazi wa binti. Kule kwao, wakati ile, ilikuwa kinyume: wazazi wa binti njo walikuwa wanatoa feza, aende nayo ku ndoa. Bertha aliomba apewe feza yake mbele ya siku ya ndoa, akainunua nayo sehemu ya Ritter. Kwa namna ile atelie ikabaki ya Karl peke yake. Walioana tarehe 20 mwezi wa saba 1872. Tunaweza kusema ule binti alitia mali yake yote ndani ya kitu ambacho hakijaonekana bado, maana siku zile hakukuwa hata moteri moja.

Miaka iliyofuata ilikuwa nguvu. Watoto walikuwa wanazaliwa, deni nayo ilikuwa inaongezeka. Karl alikuwa anatafuta moteri ndogo ya gazi, na kila mara inakataa. Siku ya mwisho ya mwaka 1879, kisha chakula cha mangaribi, bibi na bwana walirudi ku atelie kuijaribu tena. Usiku ule ikawaka, ikaendelea kuzunguka. Watu wa muji walikuwa wanafunga mwaka, nao wawili walikuwa wanasikiliza moteri.

Mu 1883 Karl akaanzisha Benz & Cie pamoja na wafanyabiashara wawili, Max Rose na Friedrich Wilhelm Esslinger. Wale walikuwa wanataka moteri za kuuza, za kukaa pahali pamoja. Yeye mawazo yake ilikuwa ku gari inayojiendesha bila farasi. Tarehe 29 mwezi wa kwanza 1886 aliandikisha hati ya uvumbuzi, namba 37435. Gari yenyewe ilikuwa na magurudumu tatu, silinda moya, nguvu isiyofika ya farasi mumoja, na mbio ya kilometa 16 kwa saa. Pikipiki ya leo, hata iwe imezeeka namna gani, inaipita.

Lakini kuvumbua ni kitu kimoja, kuuza ni kingine. Karl alikuwa fundi wa kuangalia kila kitu mara kumi; kusimama mbele ya watu na kusifu kazi yake hakukuwa kipaji chake. Watu walikuwa wanacheka ile gari, wengine wanaiogopa. Miaka mbili ikapita, wanunuzi hawaonekani.

Mu mwezi wa munane 1888, Bertha akaona inatosha. Alfajiri moja, bila kumwambia bwana yake, alichukua motokari pamoja na vijana wao wakubwa, Eugen mwenye miaka 15 na mudogo wake Richard. Walikuwa wanaenda Pforzheim, kwa mama yake Bertha. Ni safari ya kilometa zaidi ya 100, pungufu kidogo ya ile ya Bukavu na Uvira. Mbele ya siku ile motokari ilikuwa inatembea safari fupi tu, karibu na nyumbani.

Shofere yeyote wa kwetu atajitambua mu ile safari. Esanse ilikwisha; hakukuwa na kituo, wala Kadhafi mwenye kuuza kwa chupa pembeni ya barabara. Ku Wiesloch walisimama mbele ya farmasi, wakanunua mafuta ya kusafishia madoa, ile inaitwa ligroini, na gari ikaendelea. Kamrija ka mafuta kalipoziba, Bertha alichomoa pini ya kofia yake akakazibua. Waya ulipoanza kugusa pahali haupaswi kugusa, aliufunika na mukanda wa soksi yake. Munyororo uliolegea ulitengenezwa na muhunzi. Ku milima, vijana walishuka wakasukuma, sawa vile tunaona kila siku ku mupando wa Kadutu. Ku miteremko, freni za mbao zikaanza kuisha. Bertha akamutafuta fundi wa viatu, akamuomba azipigilie ngozi.

Mangaribi walifika, wamechafuka lakini wazima, na Bertha akatuma telegramu kwa bwana yake. Kisha siku chache walirudi kwa njia ingine. Karl hakuishia ku kushangaa. Alisikiliza kila kosa la gari lililoonekana mu njia, akaongeza gia ya kupandia milima. Ile safari ilimufundisha kitu ambacho atelie haikuweza kumufundisha, na watu waliokuwa wanacheka wakaona kama muke na watoto wanaweza kusafiri nayo.

Tangu pale kazi ikapanuka. Mu 1894 ilitoka gari ndogo yenye jina Velo, na zaidi ya elfu moja zikatengenezwa. Mu 1899 Benz & Cie ilitengeneza motokari 572, hesabu ambayo hakuna kampuni ingine ya motokari duniani iliyoifikia wakati ile.

Kisha upepo ukageuka. Daimler, mushindani wao, alitoa Mercedes yenye mbio sana, na wakubwa wa Benz & Cie wakaita mafundi kutoka Ufaransa bila kufuata mawazo ya muzee. Karl hakuwa mutu wa mbio. Mu 1903, akiwa na miaka 58, aliacha kazi ya kila siku mu nyumba yenye jina yake, akabakia tu mu baraza la kusimamia. Wengi wangekaa nyumbani na uchungu. Yeye, mu 1906, akafungua na Eugen kampuni ndogo ku Ladenburg, jina yake C. Benz Söhne, maana yake Benz na vijana wake. Richard naye akaingia. Mu 1912 muzee akawaachia vijana yote, akapumzika.

Mu 1914 shule yake ya Karlsruhe ilimupa udaktari wa heshima. Mu 1926 aliishi kuona kampuni yake na ya Daimler zikiungana. Ile nyota ya mikono mitatu ilitoka kwa Daimler, na Mercedes ni jina ya binti ya mufanyabiashara Emil Jellinek. Benz njo lake. Bertha alimufuata mu 1944, siku mbili kisha kutimiza miaka 95.

Ku hati namba 37435 kumeandikwa jina ya kampuni. Jina ya Bertha haiko, hata kama feza yake njo ilifungua mulango. Lakini kazi ya mikono yake iko. Kila mara fundi wa Kadutu anabadilisha plakete za freni mbele ya gari kushuka Ngomo, anaendeleza kitu kilichoanza ku mulango wa fundi wa viatu, na mama mumoja aliyekuwa anataka watoto wake wafike kwa nyanya yao wazima.