Brigham Young: Kiongozi aliyewatenga Wamormoni na ulimwengu

MNAMO Julai 24, 1847, mwanamume wa umri wa miaka 46 aliyedhoofishwa na homa alifikishwa, akiwa amelala ndani ya gari la kukokotwa na wanyama, kwenye ukingo wa bonde moja kame magharibi mwa Amerika Kaskazini. Mbele yake palikuwa na ziwa la maji ya chumvi, nyasi zilizokauka na milima iliyolizingira bonde mithili ya ua. Watu wa makabila ya Ute na Shoshone walipita hapo wakiwinda na kuchuma, lakini mji wa Wazungu uliokuwa karibu zaidi ulikuwa mbali mno.

Wasafiri wengine walioelekea pwani ya magharibi hawakuona cha kuwashikilia mahali kama hapo. Brigham Young alipachagua kwa sababu iyo hiyo. Alitaka ardhi ambayo hakuna jirani angeionea wivu, kwa maana watu wake walikuwa wamefukuzwa katika kila mahali pazuri walipojenga.

Watu hao walikuwa waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wanaojulikana zaidi kama Wamormoni. Kwa miaka 30 iliyofuata, Young aliwahimiza wajitenge na jamii pana ya Marekani kwa makao, biashara, mavazi na hata maandishi. Kujitenga huko kuliwaokoa, lakini pia kulidai gharama ambayo nyingine ililipwa na watu wasiokuwa na hatia.

Seremala asiye na kisomo

Young alizaliwa Juni 1, 1801 katika kijiji cha Whitingham, jimbo la Vermont, akiwa mtoto wa tisa kati ya 11. Babake alikuwa mkulima maskini aliyehamahama akitafuta riziki, na hatimaye aliihamishia familia katika jimbo la New York. Mamake alifariki kutokana na kifua kikuu mwaka wa 1815, Brigham akiwa na umri wa miaka 14.

Shuleni alikaa siku za kuhesabika tu. Alichojifunza ni kazi ya mikono: useremala, upakaji rangi na uwekaji vioo madirishani. Mwaka wa 1824 alimwoa Miriam Works, wakajaliwa mabinti wawili.

Mnamo 1830, kijana kwa jina Joseph Smith alichapisha Kitabu cha Mormoni na kuasisi kanisa jipya katika jimbo hilo hilo la New York. Young hakukurupuka. Alikisoma na kukipima kitabu hicho kwa takriban miaka miwili kabla ya kubatizwa Aprili 1832. Miezi michache baadaye mkewe aliaga dunia, naye akaanza kuhubiri. Mwaka wa 1833 alihamia Kirtland, Ohio, kulikokuwa na makao ya Smith, na mnamo 1835 aliteuliwa kuwa mmoja wa Mitume Kumi na Wawili wa kanisa hilo.

Wafukuzwa kila walikokwenda

Wamormoni walikusanyika mahali pamoja, walinunua ardhi kwa wingi, walipiga kura kwa kauli moja na kudai kwamba Mungu alikuwa akizungumza na nabii wao. Majirani waliingiwa na hofu ya kutawaliwa nao. Katika jimbo la Missouri hofu hiyo ilizua mapigano, na Oktoba 27, 1838 Gavana Lilburn Boggs alitoa amri kwamba Wamormoni waangamizwe au wafurushwe kutoka jimboni.

Smith alikuwa kizuizini. Jukumu la kuwavusha maelfu ya waumini hadi jimbo la Illinois, tena wakati wa baridi kali, likamwangukia Young. Aliwashawishi wenye mali watie saini ahadi ya kuitoa kuwasaidia maskini, ili pasiwe na mtu atakayeachwa nyuma. Hapo ndipo uwezo wake wa kupanga mambo ulipodhihirika.

Huko Illinois walijenga mji wa Nauvoo kando ya mto Mississippi. Kati ya 1840 na 1841, Young na mitume wenzake walihubiri Uingereza, ambako maelfu walibatizwa na wengi wakaanza kuhamia Marekani. Hata hivyo, uadui haukuisha. Mnamo Juni 27, 1844, genge lenye silaha lilivamia jela ya Carthage na kuwaua Joseph Smith na nduguye Hyrum.

Young, aliyekuwa safarini mashariki mwa nchi, alirejea na kukuta kanisa bila kiongozi. Katika mkutano wa Agosti 8, 1844 mjini Nauvoo, Sidney Rigdon alidai kuwa yeye ndiye mlezi halali wa kanisa. Wengi waliohudhuria waliwaunga mkono Mitume Kumi na Wawili, na Young ndiye aliyekuwa kinara wao.

Kwa mtazamo wake, sheria za nchi zilikuwa zimeshindwa kuwalinda mara mbili, na hapakuwa na haja ya kusubiri mara ya tatu. Februari 1846 waumini walianza kuuvuka mto Mississippi wakiacha nyumba zao. Mamia walikufa kwa maradhi katika kambi za majira ya baridi kando ya mto Missouri. Aprili 1847, Young aliongoza msafara wa kwanza wa wanaume 143, wanawake watatu na watoto wawili, ukasafiri zaidi ya kilomita 1,600 hadi kwenye bonde la ziwa la chumvi.

Ngome ya milima

Walipofika, bonde hilo lilihesabiwa kuwa ardhi ya Mexico. Furaha ya kuwa nje ya Marekani haikudumu hata mwaka mmoja, kwani mnamo 1848 Mexico iliyoshindwa vitani iliipa Marekani eneo zima. Mwaka wa 1850 Bunge la Marekani liliunda Himaya ya Utah, na Young akawa gavana wake wa kwanza. Kwa vile alikuwa pia rais wa kanisa tangu Desemba 1847, madaraka ya dini na ya serikali yalikuwa mikononi mwa mtu mmoja.

Alichapa kazi. Chini ya uongozi wake, mifereji ilichimbwa kuleta maji kutoka milimani, mji wa Salt Lake City ukapimwa kwa barabara pana, na makazi zaidi ya 300 yakaanzishwa. Kadiri makazi hayo yalivyoenea ndivyo wenyeji wa asili walivyopoteza maji na malisho yao, na vita vikazuka mara kwa mara.

Dhahabu ilipogunduliwa California na wachimbaji wakaanza kupita Utah kwa wingi mwaka wa 1849, Young aliwasihi waumini wasiwafuate. Aliwaambia kwamba nafaka na ufundi vingewafaa kuliko dhahabu. Alitaka Utah ijitengenezee sukari, chuma na nguo zake. Viwanda vya kwanza vya sukari na chuma viliambulia patupu. Aidha, aliunga mkono alfabeti mpya ya herufi 38 ya kuandikia Kiingereza, ambayo ni wachache tu waliowahi kuitumia.

Wahamiaji kutoka Ulaya walizidi kuja kwa msaada wa hazina maalumu ya kanisa. Ili kupunguza gharama, mwaka wa 1856 baadhi yao walitakiwa kusafiri kwa miguu wakivuta mikokoteni. Misafara miwili iliyochelewa ilinaswa na theluji, na zaidi ya watu 200 wakafa. Young alipopata habari alituma waokoaji mara moja, lakini mpango huo wa mikokoteni ulikuwa umetekelezwa kwa idhini yake.

Ndoa za wake wengi, zilizotangazwa hadharani mwaka wa 1852, ndizo zilizowatenga Wamormoni zaidi. Young mwenyewe alioa wanawake zaidi ya 50, na 16 kati yao walimzalia jumla ya watoto 57. Kwa Wamarekani wengi hiyo ilikuwa fedheha. Kwa Wamormoni waliolikubali fundisho hilo, ilikuwa vigumu tena kurudi katika jamii ya zamani hata kama wangetaka.

Hofu yazaa maafa

Mwaka wa 1857 Rais James Buchanan aliamini kwamba Utah ilikuwa imeasi, akatuma wanajeshi wapatao 2,500 kumsindikiza gavana mpya, Alfred Cumming. Wamormoni walikumbuka Missouri. Young aliwatayarisha kwa vita, akawaagiza wahifadhi nafaka na wasiwauzie wasafiri.

Katika hali hiyo, msafara wa familia kutoka Arkansas ulikuwa ukipita kusini mwa Utah kuelekea California. Mnamo Septemba 11, 1857, mahali paitwapo Mountain Meadows, wanamgambo wa Kimormoni wakisaidiwa na baadhi ya Wapaiute waliwaahidi wasafiri hao usalama chini ya bendera nyeupe, wakawapokonya silaha kisha wakawaua. Watu wapatao 120 waliangamia. Watoto wadogo 17 pekee ndio walioachwa hai.

Ushahidi kwamba Young aliamuru mauaji hayo haujapatikana, na barua yake ya kuagiza wasafiri waachwe wapite ilifika siku mbili baada ya maafa. Lakini hotuba zake kali zilikuwa zimekuza chuki, na ukweli wote ulichelewa mno kujulikana. Mtu mmoja pekee, John D. Lee, ndiye aliyehukumiwa, akapigwa risasi mwaka wa 1877 katika uwanja ule ule wa mauaji.

Majira ya kuchipua ya 1858, takriban watu 30,000 walihamia kusini wakiacha nyumba zao tayari kuteketezwa jeshi likiwashambulia. Msingi wa hekalu la Salt Lake City ulifukiwa kwa udongo ili uonekane kama shamba. Maelewano yalipatikana kabla ya vita kamili kuzuka. Young aliachia ugavana, na Buchanan akawasamehe Wamormoni.

Reli yabisha hodi

Waya za telegrafu zilifika Salt Lake City mwaka wa 1861. Kisha Mei 10, 1869, reli kutoka mashariki na ile ya kutoka magharibi zilikutana Promontory, ndani ya Utah yenyewe. Young hakuipinga reli. Alichukua hata kandarasi ya kujenga sehemu yake, maana ingewaletea wahamiaji wake kwa urahisi. Lakini alitambua kwamba umbali, ngao yake kuu, ulikuwa umekwisha.

Hivyo alianza kujenga ua wa aina nyingine. Mwaka wa 1868 aliwataka waumini waache kununua kwa wafanyabiashara wasio wa kanisa, na mtandao wa maduka ya ushirika ukaanzishwa. Mwaka wa 1869 aliwakusanya binti zake na kuwahimiza waache fasheni za mashariki wavae mavazi ya kawaida. Agizo la kutokunywa pombe, chai na kahawa na kutotumia tumbaku lilisisitizwa upya. Mnamo 1874 alihimiza miji ya waumini iunganishe mali na kazi kwa pamoja.

Si wote waliokubali. Mfanyabiashara William Godbe na wenzake walidai kwamba Utah ingestawi kwa kufungua migodi na kufanya biashara na wote, wakatengwa na kanisa mwaka wa 1869. Miji mingi iliyounganisha mali ilirejea katika utaratibu wa kawaida baada ya miaka michache. Mmoja wa wakeze, Ann Eliza, alimshtaki akitaka talaka mwaka wa 1873, na Young akalala jela usiku mmoja mnamo 1875 kwa kukaidi amri ya mahakama katika kesi hiyo.

Alifariki Agosti 29, 1877 akiwa na umri wa miaka 76, baada ya kuagiza azikwe bila mbwembwe.

Kilichobaki

Miaka 13 baada ya kifo chake, serikali ikiwa imetwaa mali ya kanisa, rais wake Wilford Woodruff alitangaza mwisho wa ndoa za wake wengi. Mwaka wa 1896 Utah ikawa jimbo kamili la Marekani. Nchi ya pekee aliyoiwazia Young haikuwapo tena.

Kuna ua mwingine alioujenga ambao ulichukua muda mrefu zaidi kubomoka. Mwaka wa 1852 alitangaza kwamba wanaume wenye asili ya Afrika hawangepewa ukuhani, ilhali Joseph Smith angali hai watu weusi kama Elijah Abel walikuwa wamewekewa mikono. Mwaka huo huo bunge la Utah lilihalalisha utumwa. Marufuku ya ukuhani ilidumu hadi Juni 1978, na mnamo 2013 kanisa lilizikana nadharia zilizotumiwa kuitetea.

Kwa Wakenya, jambo hilo si la mbali. Kanisa hilo lilisajiliwa nchini mwaka wa 1991, na hekalu lake la Nairobi likawekwa wakfu mwaka wa 2025. Wanaume wa Kenya ambao Young angewafungia mlango wanashika leo ukuhani ule ule alioushika yeye. Papo hapo, katika nchi inayosifika kwa majani chai, waumini hao hukataa kikombe cha chai wanapokaribishwa na jirani, kwa kutii agizo lile lile alilolikazia akiona reli inakaribia.

Jangwa halikumlinda kama alivyotarajia, wala maduka na miji yake ya pamoja. Utengano uliodumu ni ule ambao muumini anaweza kuushika akiwa katikati ya watu wengine, bila kumfungia mtu nje na bila kumwogopa mgeni apitaye njiani.