Fridtjof Nansen: kamishna wa wakimbizi aliyepewa kazi bila ya fedha

Wengi wetu tunaoishi ughaibuni tuna ndugu au jamaa aliyepitia kambi ya wakimbizi kabla ya kufika huku. Kadi ya mgao, hema, gunia la unga lenye nembo ya shirika: hayo tunayajua. Tusilolijua sana ni nani anayetoa fedha, na kwa nini kila mwaka mashirika hulalamika kuwa hazitoshi. Jibu la suali hilo linaanzia mbali, kwa bwana mmoja wa Norway aliyefariki mwaka 1930.

Fridtjof Nansen alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1861, karibu na mji ambao leo unaitwa Oslo. Alisomea elimu ya wanyama na kupata shahada ya udaktari mwaka 1888. Mwaka huo huo yeye na wenzake watano waliivuka barafu ya Greenland kwa mbao za kutelezea juu ya theluji. Mwaka 1893 aliiacha meli yake, Fram, inaswe makusudi na barafu ya kaskazini ili imsogeze kuelekea Ncha ya Kaskazini. Ncha hakuifikia, lakini mwaka 1895 alifika mbali kuliko mtu yeyote kabla yake. Aliporudi mwaka 1896 jina lake lilikuwa linajulikana Ulaya nzima. Norway ilipojitenga na Sweden mwaka 1905, alitumwa kuwa balozi wake wa kwanza mjini London.

Vita Kuu ya kwanza ilipomalizika, mamia kwa maelfu ya wafungwa wa vita walikuwa bado wamekwama Urusi na Ulaya ya kati. Mwaka 1920 Shirikisho la Mataifa, lile lile ambalo chini yake Waingereza walipewa dhamana ya Tanganyika na Wabelgiji ya Ruanda-Urundi, lilimpa Nansen kazi ya kuwarudisha makwao. Cheo alipewa, fedha hakupewa. Ilibidi abishe hodi kwa serikali moja moja akiomba mikopo na kutafuta meli. Hadi kufikia mwaka 1922, zaidi ya wafungwa 427,000 walikuwa wamerejea majumbani.

Kazi hiyo haijamalizika akaongezewa nyingine. Mwaka 1921 aliteuliwa kuwa Kamishna Mkuu wa wakimbizi wa Kirusi waliokimbia mapinduzi na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Sharti la Shirikisho lilikuwa wazi: litalipia gharama za ofisi, lakini chakula na dawa za wakimbizi azitafute mwenyewe. Msomaji alishike jambo hili, maana tutalirudia.

Mwaka huo huo njaa kubwa iliukumba ukanda wa mto Volga. Ukame ulikuja juu ya miaka ya vita na baada ya serikali kuwanyang'anya wakulima nafaka zao. Mwezi Agosti mkutano wa mashirika ya misaada uliofanyika Geneva ulimtaka Nansen asimamie msaada. Alikwenda Moscow, akatia saini mkataba na serikali ya Kisovieti, kisha mwezi Septemba akasimama mbele ya Shirikisho la Mataifa akiomba mkopo wa pauni milioni 5. Aliwaeleza wajumbe kuwa chakula duniani kipo: Marekani ngano imejaa, na Argentina mahindi yanachomwa kama kuni. Kinachokosekana ni fedha za kukinunua na nia ya kukisafirisha.

Walimkatalia. Serikali nyingi ziliogopa kuwa kuwalisha watu wale ni kuwatia nguvu Wabolsheviki. Wengine walimlaumu kuwa mkataba wake uliipa Moscow sauti kubwa mno katika ugawaji.

Hapo ndipo tofauti ya mfuko ilipoonekana. Herbert Hoover wa Marekani alikuwa na shirika lake la misaada, na alishika sharti la kugawa chakula chini ya usimamizi wa watu wake. Bunge la Marekani lilimpitishia dola milioni 20 mwezi Disemba 1921. Katika kilele cha kazi hiyo, Agosti 1922, shirika lake lilikuwa linalisha zaidi ya watu milioni 10 kwa siku. Nansen, akitegemea michango ya raia, vyama vya Msalaba Mwekundu na mashirika kama Save the Children, aliweza kuwafikia wachache kuliko hao. Hata hivyo mahindi ya Marekani nayo yalifika vijijini wakati miezi mibaya ya baridi imeshapita. Inakadiriwa watu kama milioni 5 walikufa.

Nansen hakukaa ofisini. Alikwenda mwenyewe Volga, akapiga picha za watoto waliokonda na maiti zilizorundikwa, kisha akazunguka miji ya Ulaya akizionyesha na kuomba. Mwaka 1922 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, na fedha za tuzo hiyo akazitumia kwenye misaada.

Lililodumu zaidi ni hati aliyoianzisha mwaka 1922 kwa watu wasiokuwa na nchi, iliyokuja kuitwa pasi ya Nansen. Nchi zaidi ya 50 ziliitambua. Baadaye wenye pasi hizo wakawa wanalipia stempu maalumu, na fedha zake zikaingia katika mfuko wa kuwasaidia wenzao. Yaani wakimbizi wenyewe walikuwa wachangiaji.

Hakushinda kila mara. Mpango wake wa kuwapatia makaazi Waarmenia walionusurika na mauaji ya halaiki ulikwama kwa kukosa fedha, na jambo hilo lilimuuma hadi mwisho. Alifariki tarehe 13 Mei 1930, akazikwa siku ya taifa la Norway, tarehe 17.

Leo tuna UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lililoanza kazi mwaka 1951, na tangu mwaka 2006 upo Mfuko Mkuu wa Dharura unaotoa fedha haraka janga linapotokea. Lakini mfuko huo ni mdogo ukilinganisha na mahitaji. Bajeti ya kawaida ya Umoja wa Mataifa inalipia sehemu ndogo tu ya kazi ya UNHCR. Nyingine zote ni hiari ya serikali na wahisani. Sharti alilopewa Nansen bado lipo.

Kila mwaka UNHCR hutoa tuzo yenye jina lake. Mwaka 1983 ilikwenda kwa Mwalimu Julius Nyerere, kwa namna Tanzania ilivyowapokea wakimbizi. Miaka 40 baadaye, mwaka 2023, mgao wa chakula wa wakimbizi wa Kongo na Burundi walioko Tanzania hiyo hiyo ulipunguzwa. Wenyeji hawakuwa wamewafukuza, wala chakula hakikuwa kimekwisha duniani. Fedha za wafadhili ndizo zilizopungua. Nansen angelikuwa hai, asingehitaji kuelezwa.