Rwagasore na ushirika wa wachuuzi

Mimi nilisomea ukimbizini, Mishamo, Tanzania. Darasani tulifundishwa ushirika wa Mwalimu Nyerere. Jina la Louis Rwagasore nililisikia kwa wazee tu, jioni, kwamba ndiye aliyepigania uhuru akauawa. Niliporudi Rumonge mwaka 2009 ndipo nikajua kuwa alianza na wachuuzi.

Hayati Rwagasore, mtoto wa Mwami Mwambutsa wa Nne, alizaliwa Gitega mwaka 1932. Alisoma Astrida, Rwanda, kisha Ubelgiji. Aliporudi angeweza kuridhika na cheo cha kuzaliwa. Badala yake, mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara, wanachama wake wengi wakiwa Waswahili wa Usumbura, yaani Bujumbura. Biashara kubwa ilikuwa mikononi mwa wageni, naye alitaka mwananchi apate mtaji na sauti.

Wengi wanaomsifu huruka sehemu inayofuata. Ushirika ule ulielemewa na madeni, na hesabu zake hazikutunzwa vizuri. Kwa maoni yangu hilo halimpunguzii heshima, ila linatufundisha sisi wa sokoni kuliko hotuba zake zote. Wachuuzi hawakumwacha: Buyenzi ikawa ngome ya chama chake, UPRONA.

Wabelgiji walimzuia kufanya siasa, na mwishoni mwa 1960 wakamweka kizuizini Bururi, huko milimani juu yetu. Tarehe 18 Septemba 1961 UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64. Akawa Waziri Mkuu, lakini kwa majuma mawili tu. Tarehe 13 Oktoba alipigwa risasi hotelini, ukingoni mwa ziwa hili hili. Alikuwa na miaka 29.

Nilipovuka mpaka nilipewa mgao wa chakula na vyombo. Ulipokwisha, mama yangu aliuza mgebuka kwa fedha za mkopeshaji wa mtaani, na riba ikala faida yote. Hakuna aliyemwuliza mtaji atautoa wapi. Mgao humlisha mrejea, haumweki sokoni. Kwa hiyo naiomba tarafa itenge mfuko wa mikopo midogo kwa warejea na wachuuzi wa mwaloni, na daftari lake lisomwe mbele ya wanachama kila mwezi. Kalamu ninayo, na Jumamosi sina vipindi.