Livingstone: alipima hewa, lakini mvua ikamshinda

Mwezi wa kumi na moja ukifika Lubumbashi, joto linabana, mawingu meusi yanapanda, na watu wanaanua nguo haraka mbele ya radi kupiga. Mbingu hii David Livingstone aliijua vizuri. Alikufa chini yake, upande wa mashariki wa Katanga, katika Zambia ya leo, na vyombo vya kupimia hewa vikiwa kati ya mizigo yake.

Alizaliwa Blantyre, Uskoti, mwaka 1813. Akiwa na miaka 10 alikuwa tayari mfanyakazi wa kiwanda cha pamba. Akajisomesha mpaka akawa daktari na mmisionari, na mwaka 1841 akafika Afrika ya Kusini. Kutoka hapo alitembea nchi nyingi, akiandika joto, mvua, upepo na urefu wa kila nchi juu ya bahari.

Urefu huo aliupataje? Njia yake moja ilikuwa kuchemsha maji. Hewa ina uzito, na kadiri unavyopanda, hewa iliyobaki juu yako inapungua. Uzito ukipungua, maji yanachemka kwa joto dogo zaidi. Kando ya bahari yanachemka kwa digri 100. Lubumbashi, zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, ni karibu 96. Ni juu ya ile maharagi ya kwetu yanachelewa kuiva na makala yanaisha.

Mwaka 1866 alianza safari yake ya mwisho, kutafuta chanzo cha Nile. Mwaka 1867 aliona ziwa Mweru, na mwezi wa saba 1868 akafika Bangweulu. Mwezi wa tatu 1871 alifika Nyangwe, Maniema, kando ya Lualaba. Aliamini kwamba mto huo ndio Nile, lakini alikuwa na wasiwasi kwamba labda ni Kongo. Akakosa mitumbwi ya kuufuata. Mwezi wa saba, watu wa wafanyabiashara wa utumwa wakaua mamia ya watu sokoni Nyangwe, wengi wao wanawake. Alivunjika moyo, akarudi Ujiji, ambako Stanley alimkuta.

Tarehe 25 mwezi wa nane 1872 alitoka Unyanyembe, karibu na Tabora, kuelekea tena Bangweulu. Mara ya kwanza aliliona ziwa hilo wakati wa kiangazi. Safari hii alifika mwezi wa kwanza 1873, katikati ya masika.

Wakati huo jua linachoma nchi zetu kutoka juu. Hewa ya chini inapata joto, inakuwa nyepesi, inapanda, na kanieneo inashuka. Hapo hewa yenye unyevu inavutwa kutoka bonde la Kongo na kutoka Bahari ya Hindi. Nayo inapanda, inapoa, na unyevu wake unageuka mawingu na mvua. Bangweulu inafurika, na huwezi kutofautisha ziwa na nchi kavu. Livingstone, mgonjwa wa kuhara damu, alibebwa ndani ya maji wiki nyingi. Alikufa kijijini kwa Chitambo tarehe 1 mwezi wa tano 1873.

Na kumbe mwezi huo huo hewa inabadilika. Kanieneo kubwa inakaa upande wa kusini mwa Afrika, upepo mkavu unatoka kusini-mashariki, mbingu inakuwa safi na usiku baridi. Ukavu huo uliwasaidia Chuma, Susi na wenzao. Walizika moyo wake chini ya mti, wakatia mwili chumvi, wakaukausha juani siku 14. Katikati ya masika kazi ile ingekuwa ngumu sana. Kisha wakaubeba mpaka Bagamoyo, wakafika mwezi wa pili 1874. Alizikwa London tarehe 18 mwezi wa nne mwaka huo.

Njiani, kule Unyanyembe, walikutana na Mwingereza Cameron, akachukua vyombo vya Livingstone kwa safari yake mwenyewe. Mwezi wa nane 1874 Cameron alifika Nyangwe. Kwa hesabu yake, Lualaba pale iko chini kuliko Nile kule Gondokoro, na maji hayapandi mlima. Tena maji yake yalikuwa mengi mno kuwa ya Nile. Vipimo vya wakati ule vilikuwa na makosa, lakini jibu lilikuwa sawa: mwaka 1877 Stanley aliufuata mto huo mpaka Boma, karibu na bahari. Lualaba ni Kongo. Wasiwasi wa Livingstone ulikuwa wa kweli, lakini yeye hakuwa tena hai kusikia.