Askofu Stefano Moshi: Kiongozi Aliyepimwa Kabla ya Kukabidhiwa

Tunapomshukuru Mungu kwa miaka 100 ya usharika wetu, imetupasa kumkumbuka pia mtumishi ambaye hakuzaliwa Singida, lakini ambaye wazee wetu walikuwa chini ya uongozi wake. Huyo ni Askofu Stefano Reuben Moshi, Mkuu wa kwanza wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Maisha yake yanatufundisha namna Kanisa linavyopaswa kuwachagua viongozi wake.

Alizaliwa mwaka 1906 huko Mamba, Kilimanjaro, katika eneo la Misioni ya Leipzig. Mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wamishenari Wajerumani waliondolewa nchini, na walimu na wazee Waafrika wakabaki kulichunga kundi. Mwaka 1922 Misioni ya Augustana kutoka Marekani ilifika kuwasaidia. Watu wa Leipzig waliporejea, Augustana wakahamia Iramba mwaka 1926. Hivyo historia ya Kanisa la Kilimanjaro na ya kwetu zimefungamana tangu awali.

Moshi hakuanza na madaraka. Alikuwa mwalimu kwa miaka mingi, na alibarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1949, akiwa amekwisha kupita umri wa miaka arobaini. Washarika walikuwa wamemwona darasani akilea watoto wa wenzake kabla ya kumwona madhabahuni. Ndivyo Mtume Paulo anavyomwagiza Timotheo katika sura ya tatu ya waraka wa kwanza: askofu asiwe mtu aliyeongoka karibuni, na mashemasi wapimwe kwanza ndipo watumike.

Mwaka 1958 alichaguliwa kuliongoza Kanisa la Kilutheri la Tanganyika Kaskazini, akiwa Mwafrika wa kwanza katika nafasi hiyo. Alimpokea Elmer Danielson, mmishenari wa Augustana. Uhuru wa nchi ulikuwa bado miaka mitatu. Mwaka 1960 akawa Askofu. Hapa tunakumbuka Matendo ya Mitume sura ya sita: mitume hawakujichagulia wasaidizi faraghani, bali walitaja sifa, wakaliachia kusanyiko kuchagua, kisha wakaomba na kuweka mikono.

Jaribio kubwa lilikuja tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana kuwa moja. Miongoni mwao lilikuwamo Kanisa la Tanganyika ya Kati, la Iramba na Turu, yaani letu. Makanisa hayo yalilelewa na misioni mbalimbali, tena kwa lugha na desturi tofauti. Wanyiramba, Wanyaturu, Wahaya, Wabena na Wazaramo walikubali kuongozwa na mtu wa Kilimanjaro, kwa kuwa walitazama ushuhuda wake kuliko ukoo wake. Aliongoza kwa miaka 13, hata alipofariki mwaka 1976. Kiti hicho hakikubaki Kilimanjaro kama urithi wa kabila, bali kilipokelewa na Askofu Sebastian Kolowa wa Usambara.

Ndugu zangu, nayaandika haya nikijua udhaifu wetu. Katika utumishi wangu niliwahi kuona mzee wa kanisa akichaguliwa kwa sababu ya ukubwa wa mchango wake siku ya harambee. Hakuna aliyeuliza habari za nyumba yake wala uaminifu wake, na mimi mchungaji nilinyamaza. Haukupita muda mrefu hesabu za sadaka zikawa hazisomeki, na wajane waliotoa senti zao wakaacha kuja ibadani. Kosa halikuwa la mzee yule peke yake. Lilikuwa letu sisi tuliomkabidhi kabla ya kumpima.

Yethro alimshauri Musa atafute watu wenye uwezo, wamchao Mungu, wa kweli na wanaochukia mapato ya udhalimu. Hakutaja mali wala ukoo. Basi kila tutakapokutana kuchagua wazee wa kanisa na wajumbe wa halmashauri, tuulize kwanza mtu huyu amekuwa mwaminifu katika lipi, na ni nani walioliona. Wazee wetu wa mwaka 1963 walijibu swali hilo vema. Bwana wa Kanisa atujalie nasi kulijibu kwa ajili ya watoto watakaoadhimisha miaka 100 ijayo.