James Chuma na Safari Yake ya Uingereza

Watu wengi waendao Ulaya hutamani kuona miji mikubwa, majumba ya wafalme na makanisa yenye minara mirefu. Lakini mwaka 1874 alifika Uingereza kijana mmoja wa Afrika ya Mashariki, na njia yake ikampeleka mahali ambapo hata Waingereza wengi hawajapata kupaona. Wala hakwenda kutazama tu. Alikwenda kueleza mambo ambayo hapakuwa na Mzungu hata mmoja aliyeyajua. Jina lake James Chuma.

Chuma alikuwa Myao, alizaliwa yapata mwaka 1850 katika nchi iliyo karibu na ziwa Nyasa. Angali mtoto akauzwa utumwani. Mwezi wa Julai 1861 msafara uliomchukua ulikutana na Daktari David Livingstone na wenzake. Wenye msafara wakakimbia, na watumwa wakafunguliwa makongwa shingoni. Mwaka 1864 Livingstone alivuka bahari ya Hindi kwa chombo kidogo cha moshi, akamchukua Chuma hata Bombay. Huko Chuma akatiwa shule, akajifunza Kiingereza, akabatizwa kwa jina la James. Mwaka 1866 akarudi Afrika pamoja na Livingstone, wakaingia bara.

Ninyi mkaao Mwanza mna sehemu yenu katika habari ya safari hiyo. Tarehe 3 Agosti 1858, John Speke alifika karibu na Mwanza, akaliona ziwa Nyanza, akaamini kwamba hapo ndipo chimbuko la mto Nile. Livingstone hakusadiki. Alidhani chimbuko liko mbali upande wa kusini, akalitafuta huko kwa miaka saba, hata akafa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Mwaka 1875 Henry Stanley alianza safari yake Kageyi, karibu na Mwanza, akalizunguka ziwa lote kwa mashua. Ndipo ilipoonekana kwamba Speke alikuwa amesema kweli.

Livingstone alipokufa, watu wake walikuwa mbali sana na pwani, wala hapakuwa na Mzungu wa kuwaamuru. Wangaliweza kumzika hapo na kwenda zao. Lakini Chuma na mwenzake Abdallah Susi, mtu wa Shupanga karibu na mto Zambezi, wakashauriana na wenzao. Wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga katika nguo na magome ya mti, wakauchukua. Walipofika Unyanyembe walimkuta ofisa Mwingereza, aliyewapa shauri wauzike mwili pale pale. Wakakataa. Baada ya miezi tisa ya njaa, maradhi na hatari, wakafika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874.

Huko pwani walilipwa mishahara yao, wakaambiwa waende zao. Katika wote waliouchukua mwili ule, mmoja tu, Jacob Wainwright, ndiye aliyepelekwa Uingereza pamoja nao. Livingstone alizikwa tarehe 18 Aprili 1874 katika kanisa la Westminster, mjini London, katikati ya watu wengi wenye heshima. Chuma na Susi hawakuwapo.

Lakini alikuwako mtu mmoja aliyeona kwamba jambo hilo si haki. Huyo alikuwa James Young, Mskoti aliyetajirika kwa kuvumbua njia ya kupata mafuta ya taa katika makaa ya mawe, naye alikuwa rafiki wa Livingstone tangu ujana. Akatoa nauli yao kwa fedha yake. Basi Chuma na Susi wakafika Uingereza mwaka ule ule, mazishi yakiwa yamekwisha.

Hawakukaa sana London. Walikwenda Twywell, kijiji kidogo chenye nyumba za mawe katika wilaya ya Northamptonshire, ambako padri wa kijiji alikuwa Horace Waller. Waller alimjua Chuma tangu mwaka ule aliofunguliwa utumwani. Sasa alikuwa na kazi kubwa ya kutengeneza kitabu katika daftari za Livingstone. Kazi hiyo ilikuwa ngumu, kwa maana Livingstone alipoishiwa karatasi na wino aliandika juu ya magazeti ya zamani kwa maji ya mmea. Tena aliandika mara ya mwisho tarehe 27 Aprili 1873, siku nne kabla ya kufa. Mambo ya siku zile nne, na ya safari ile ndefu ya kurudi pwani, yalikuwa katika vichwa vya watu wake tu. Basi Chuma na Susi wakaketi na Waller, wakamweleza majina ya vijiji, mito na watu, na jinsi bwana wao alivyokufa. Kitabu kikatoka mwishoni mwa mwaka 1874.

Walifika pia Newstead, karibu na mji wa Nottingham. Zamani palikuwa nyumba ya watawa, nao waliondolewa mwaka 1539 kwa amri ya mfalme Henry wa Nane. Baadaye pakawa nyumba ya mtunga mashairi Byron. Livingstone aliwahi kukaa hapo kwa rafiki yake akiandika kitabu. Kisha wakaenda Uskoti, kwa Young, katika nyumba yake iitwayo Kelly, pale mto Clyde unapopanuka kuingia baharini. Hapo walijenga kibanda, mfano wa kile alichofia Livingstone, ili rafiki zake waone kwa macho yao.

Chuma alirudi Unguja mwaka ule ule. Mwaka 1875 alimwongoza Askofu Edward Steere kwenda nchi ya Wayao. Mwaka 1879 alikuwa mkuu wa msafara wa Keith Johnston, uliotoka Dar es Salaam. Johnston akafa baada ya majuma machache, na msafara ukabaki mikononi mwa Joseph Thomson, kijana wa miaka 21 tu. Chuma, aliyejua njia, lugha na tabia za watu, akamsaidia kufika Nyasa na Tanganyika na kurudi salama mwaka 1880. Akafa Unguja kwa ugonjwa wa kifua mwezi wa Septemba 1882, umri wake yapata miaka 32.

Chuma hakuacha kitabu alichokiandika mwenyewe. Lakini kila asomaye habari za siku za mwisho za Livingstone husoma maneno ambayo Chuma na Susi waliyapeleka Twywell. Basi asafiriye na aangalie vema na kukumbuka, maana huenda siku moja watu wa mbali wakahitaji kuambiwa aliyoyaona.